Wenye Kihispania na wenye ndege naomba msaada: "hélice en bandera" kwa Kiingereza inaandikwaje?

dereva_wa_njiro:

Habari za jioni wakuu, poleni na mvua. Naomba msaada wenu ila itabidi niandike kirefu kidogo ili mnielewe.

Mimi ni muongoza watalii hapa Arusha, wageni wangu karibu wote ni wa Kihispania, lugha nilianza na kozi ya miezi mitatu pale mjini nikaja kuimalizia porini kwa kuongea na watu, mwaka wa tisa sasa. Mwaka jana nilizunguka siku nane na mama mmoja mtu mzima wa Córdoba, Argentina. Sasa masika hii gari limepaki, huyo mama kanitumia picha za daftari la marehemu baba yake, kurasa sitini na kitu, mwandiko wa mkono. Mzee alikuwa fundi wa ndege kwenye jeshi la anga la kule, ameandika kazi yake yote toka anaanza mpaka anastaafu. Wajukuu wamezaliwa Uingereza na Kihispania hawakipati, mama anataka wamsome babu yao kwa Kiingereza. Kaniambia nakupa wewe kwa sababu kule Ndutu ulinisikiliza nikiongea habari za baba. Kazi nimeipokea kwa mikono miwili na sitaki kuiharibu.

Shida ni kwamba Kihispania changu ni cha porini. Chui akiwa juu ya mti nitakuelekeza mpaka uone mkia, mgeni akiumwa tumbo usiku kambini tunaelewana, ila mzee anaandika ufundi, na ufundi wa ndege mimi siujui kwa lugha yoyote ile. Neno caza kwa mfano, nalijua ni uwindaji, wageni wa vitalu wanasema caza mayor wakimaanisha kuwinda wanyama wakubwa, sasa mzee anaandika "pasaron dos cazas", zimepita caza mbili. Uwindaji unapitaje juu ya paa?

Alafu kuna hizi. Sehemu moja "falló la bomba de nafta". Sehemu nyingine injini ya kushoto ilikufa na rubani "puso la hélice en bandera", aliweka panga boi kwenye bendera. Kuna "entró en pérdida", kamusi yangu ya mfukoni inasema pérdida ni hasara. Kuna guía na numeral wanaruka pamoja, guía ndo jina wanaloniitaga mimi kazini kila siku. Kuna escuadrilla, kuna comodoro, na kuna tren ambayo mara iko chini mara iko juu. Mwenye kujua hata moja tu anisaidie, natanguliza shukrani.

fundi_kisongo:

Mkuu hongera kwa kazi hiyo. Mimi ni fundi wa ndege ndogo hapa hapa Kisongo, Kihispania sijui zaidi ya hola, ila ukinieleza kitu kinafanya nini nitakwambia kwenye vitabu vyetu vya Kiingereza kinaitwaje.

Nianze na bendera kwa sababu hiyo nimeifurahia sana. Kwenye ndege ya injini mbili, moja ikifa angani panga boi lake linabaki limeukabili upepo kama ubao, linavuta ndege upande mmoja na kuipunguza mwendo. Kwa hiyo rubani anayazungusha yale mapanga kwenye shina lake mpaka yakae ubavu ubavu, upepo uyakate kwa makali tu. Waingereza wanaita "to feather", wao wameliona unyoya, Wahispania wameliona bendera iliyolala na upepo. Ukitaka kuona kwa macho siku ukileta wageni uwanja wa Kisongo angalia ndege ya Caravan ikiwa imezimwa, mapanga yake utakuta makali yameangalia mbele, hapo ndo bendera yenyewe. Kwa hiyo andika "he feathered the propeller" na neno bendera usiliweke kabisa, mjukuu atatafuta kitambaa.

Bomba de nafta, hapo Kiswahili kimekupa bure. Sisi tunayo bomba na tunayo bomu, hatuchanganyi, mkulima wa nyanya anajua bomba la kupulizia dawa ni kitu cha kusukuma maji. Wahispania nasikia neno ni hilo hilo moja kwa vyote viwili, sasa mtu asiyejua ataandika kwamba bomu la mafuta lilifeli na hapo hadithi nzima imegeuka. Ni "fuel pump" mkuu. Ila nikuulize, nafta si petroli kwa Kiargentina? Kama ni petroli basi ukurasa huo anaongelea ndege ya pistoni, na ule wa bendera inaweza kuwa ndege nyingine kabisa. Angalia jina la ndege.

Tren ni miguu ya kutulia, yaani matairi na nguzo zake.

Na pérdida nina hakika kabisa ni "stall" maana hasara inayosemwa hapo ni kupoteza nguvu ya kunyanyua. Hapa uwe makini sana. Huku mtaani mtu akisema gari imestol anamaanisha injini imezima. Kwenye ndege injini inaweza kuwa inanguruma vizuri tu na bado uka-stall: pua imeinuliwa kupita kiasi, hewa inayopita juu ya bawa inaachia, bawa linaacha kubeba na ndege inadondoka. Usije ukaongezea maneno ya injini kwa kudhani unamsaidia msomaji.

mwalimu_kiborloni:

Vijana hamjambo. Nimesoma Cuba miaka ya themanini, nikarudi nikafundisha Moshi hadi nilipostaafu, nitachangia upande wa lugha.

Mwanangu wa Njiro, swali la kwanza kabla ya kushika kamusi yoyote ni huyu anayeongea ni wa nchi gani. Hawa watu wanaelewana vizuri lakini kwenye ndege kila mmoja ana neno lake. Rubani wa pili anayemfuata mkubwa wake angani, Mhispania wa Hispania anamwita punto, nukta. Muargentina anamwita numeral. Kiingereza wote ni "wingman". Ndege ikishuka inajizungusha, Hispania watakwambia barrena, yaani keekee ya kutobolea mbao, Argentina watasema tirabuzón, kile kizibuo cha chupa ya mvinyo, na Kiingereza ni "spin" basi. Tangi la mafuta Hispania ni depósito, Amerika ya Kusini ni tanque. Kwa hiyo ukiokota kamusi ya kijeshi iliyoandikwa Madrid itakuangusha mara nyingi kwenye daftari la mtu wa Córdoba.

Sasa guía. Wewe umelichukua kwa maana ya kazi yako, na si kosa, neno ni lile lile, anayetangulia. Ukilipitisha kwenye Kiswahili kwanza utaona linakaa: kiongozi. Kiongozi wa watalii ni kiongozi na kiongozi wa msafara wa ndege ni kiongozi. Kiingereza ndicho kinachotenganisha, wewe ni "guide", yule wa angani ni "leader". Kwa hiyo guía y numeral ni "leader and wingman". Na ikiwa ameandika numeral dos, hapo ni "Number Two", ndivyo marubani wa Kiingereza wanavyoitana.

Caza, angalia kitangulizi. La caza ni uwindaji. El caza, kiume, ni ndege ya kivita ya kushambulia ndege nyenzake, kifupi cha avión de caza. Kiingereza ni "fighter", usiandike "hunter" kwa sababu Waingereza walikuwa na ndege yao yenye jina hilo, Hawker Hunter, na utampeleka msomaji kwenye ndege ambayo haipo. Ukikuta cazabombardero ni "fighter-bomber". Na kwa kuwa wewe ni mtu wa wanyama nikuongezee hili, avión ni eropleni lakini pia ni mbayuwayu wa aina fulani, avión común utamkuta kwenye orodha za ndege za wageni wako. Wao nao wana ndege na ndege kama sisi.

Escuadrilla ndiyo ngumu kuliko zote. Jeshi la anga la Argentina likisema escuadrilla mara nyingi ni kundi dogo linaloruka pamoja, ndege tatu au nne, hiyo ni "flight". Lakini kwa wanamaji wa nchi hiyo hiyo escuadrilla ni kikosi kizima. Ile Segunda Escuadrilla Aeronaval de Caza y Ataque, waliokuwa na ndege za Super Étendard na makombora ya Exocet, waliopiga meli ya Kiingereza HMS Sheffield tarehe 4 Mei 1982, vitabu vya Kiingereza vinaiita "squadron". Mtu akiandika "flight" hapo ameipunguza. Angalia kama mzee anaongelea watu wake au anaongelea wanamaji.

Comodoro kwa jeshi la anga la Argentina ni sawa na kanali wetu. Wengi wanaandika "air commodore" kwa sababu linafanana, na huyo kwa Waingereza ni cheo cha juu zaidi, sawa na brigedia. Kwa RAF, jeshi la anga la Uingereza, kanali ni "group captain", basi andika hivyo wajukuu wa Uingereza watajua.

dereva_wa_njiro:

Shikamoo mwalimu, asante sana, na fundi asante sana kaka yangu, mmenifungua macho. Fundi umeona vizuri kabisa, nimerudi kuangalia, ule ukurasa wa nafta ni mwanzoni mwa daftari, anajifunzia kazi kwenye Mentor, ndege za pistoni za chuo cha marubani pale Córdoba, na bendera iko katikati, kwenye Pucará, ndege ya kivita ya injini mbili. Kumbe nilikuwa nasoma kama ndege moja.

dada_wa_sanawari:

Hamjambo wote. Mimi nimekuwa nikipitia tafsiri za watu, mikataba na ripoti zaidi, ndege nimekutana nazo mara chache ila kuna mambo naona hayajasemwa.

Kama wajukuu wako Uingereza chagua Kiingereza cha kule na ukae nacho hadi mwisho. Ile tren Waingereza wa zamani wanaiita "undercarriage", Wamarekani "landing gear". Yote sahihi ila usiweke hili ukurasa wa 5 na lile ukurasa wa 12, msomaji atadhani ni vitu viwili. Tengeneza karatasi ya maneno, kushoto neno la mzee, kulia ulichoamua, na nchi au ndege inayohusika, uibandike ukutani. Mimi bila hiyo karatasi sifanyi kazi.

Vyeo, samahani mwalimu wangu hapa natofautiana na wewe. Mimi ningeacha cheo kwa Kihispania, Comodoro, Vicecomodoro, Suboficial, alafu mara ya kwanza tu nikaeleza chini ya ukurasa ni sawa na nani. Sababu ni hii: Argentina Brigadier General ndo cheo cha juu kabisa cha jeshi lao la anga, Basilio Lami Dozo aliyekuwa mkuu wa jeshi hilo mwaka 1982 na mmoja wa watawala watatu wa junta, serikali ya kijeshi, alikuwa na cheo hicho, na Mmarekani akisoma "brigadier general" anaona nyota moja tu. Ukianza kubadilisha badilisha utampandisha huyu na kumshusha yule. Tena "group captain" kwa mtu wa Argentina inasikika kama alikuwa RAF, na kwa mtu ambaye nchi yake ilipigana na Waingereza mwaka huo itakuwa ajabu.

Namba: 2.400 ya mzee ni elfu mbili na mia nne, nukta kwao ni ya maelfu, koma ndo ya desimali. Na ukikuta billón kwenye habari za pesa usiandike bilioni, billón ya Kihispania ni milioni mara milioni, yaani trilioni yetu.

Autonomía pia. Inafanana na uhuru lakini kwenye ndege ni muda inaoweza kukaa angani, "endurance". Umbali ni alcance, "range". Wengine wanazichanganya hata Wahispania wenyewe, kwa hiyo angalia kilichofuata, yakiwa masaa ni muda, zikiwa kilomita ni umbali.

Sasa Pucará. Kama mzee alikuwa fundi wa Pucará nahisi mbele utakutana na vita ya 1982, Argentina na Uingereza wakigombea visiwa, na hapo majina ya mahali yana sura mbili. Puerto Argentino ni Stanley. Pradera del Ganso ni Goose Green. Isla Borbón ni Pebble Island, kile kisiwa makomando wa Kiingereza walichovamia usiku wa 14 kuamkia 15 Mei wakaharibu ndege 11, sita kati yake Pucará. Usitafsiri neno kwa neno maana kwenye ramani ya Kiingereza hakuna kisiwa cha Borbón. Na visiwa vyenyewe, ambavyo Waargentina wanaviita Malvinas, kwa kuwa unaandika Kiingereza, mimi ningeandika Falklands.

mwalimu_kiborloni:

Binti yangu, la vyeo nimekuelewa na nakubali, umenishinda kwa haki. La visiwa sikubali. Anayeongea ni mzee, yeye alisema Malvinas, alikwenda Malvinas, pengine wenzake walibaki Malvinas. Ukimwandikia Falklands umemtia mdomoni neno ambalo asingelisema. Hata Umoja wa Mataifa wanaandika majina yote mawili pamoja.

dada_wa_sanawari:

Naelewa mwalimu, ila msomaji ni mtoto wa London, anajua jina moja tu tena la shuleni. Na Goose Green je, tuache Pradera del Ganso? Atatafuta wapi?

chalii_wa_kaloleni:

Mimi nazipenda ndege za vita tangu mdogo, naongezea moja tu kwa ajili ya wengine watakaosoma huu uzi wakiwa na karatasi za Hispania yenyewe. Kule kila ndege ina herufi yake ya jeshi na herufi hizo zinadanganya ukizoea za Marekani. C ni caza, kwa hiyo C.15 ni F-18 na C.16 ni Eurofighter. Kwa Mmarekani C ni ya mizigo, C-130 Hercules, ambayo Hispania ilikuwa inaitwa T.10 kwa sababu T ni transporte, na kwa Mmarekani T ni ya kufundishia! Ya kufundishia Hispania ni E, enseñanza, ile C-101 yao ilipewa E.25. Nimeshaona mtu mtandaoni ameeleza T.10 kama ndege ya wanafunzi. Na Ala 12 ya Torrejón ni "12th Wing", kikosi, siyo bawa namba 12. Jeshi lenyewe Ejército del Aire usiandike "army", ni "Spanish Air Force", na tangu 2022 wameongeza y del Espacio mwishoni.

dereva_wa_njiro:

Nimerudi wakuu, samahani kwa kuchelewa, umeme.

La visiwa sikutaka kuamua mwenyewe, jana usiku nimempigia yule mama. Kanyamaza kidogo alafu kaniambia acha alivyoandika baba, watoto wangu wanajua babu yao alikuwa wapi, wanachokosa ni kumsikia. Kwa hiyo Malvinas inabaki, na mara ya kwanza chini ya ukurasa naweka jina la Kiingereza. Miji na vijiji nimefuata ya dada, nimeandika Goose Green na Stanley penye maelezo ya njia ili waweze kufuatilia kwenye ramani, ila pale mzee anapomnukuu mwenzake anaongea nimeacha Puerto Argentino. Karatasi ya maneno ipo ukutani jikoni, mke wangu ameshaanza kuisoma.

Hii sentensi iliyokuwa inaninyima usingizi, "el numeral perdió de vista al guía, quedó corto de velocidad y entró en pérdida", nimeiweka "the wingman lost sight of his leader, ran short of speed and stalled". Fundi niambie.

Imebaki moja. Tren. Mzee yuko kiti cha nyuma kwenye Pucará, wametoka kufanya majaribio baada ya matengenezo, wanarudi kutua, anaandika "el tren quedó trabado". Nimeuliza marafiki wawili wa Kihispania, mmoja kasema trabado ni imekwama, mwingine kasema imefungwa vizuri. Hizo ni habari mbili kinyume kabisa, moja watu wanakufa.

fundi_kisongo:

Sentensi iko safi, mimi ningesema "lost airspeed" badala ya "ran short of speed", ndivyo wanavyoandika, ila hata hiyo inaeleweka.

Hiyo ya trabado kamusi haitakusaidia, na hao rafiki zako wote wanaweza kuwa sahihi. Kwenye miguu ya ndege kuna loki, mguu ukishuka hadi mwisho loki inaingia ili usikunjike ukigusa ranwei. Kwetu tunasema "down and locked". Kama amemaanisha hivyo ni habari njema. Kama umekwama nusu njia ni "jammed" na hapo kutakuwa na purukushani kwenye mistari inayofuata, watazunguka uwanja, watapampu kwa mkono, wataongea na mnara. Kabla ya kuandika chochote soma mstari unaofuata, kuna taa yoyote imetajwa?

dereva_wa_njiro:

Ngoja nifungue picha. Mwandiko hapa umefifia, kuna doa la mafuta ya mashine katikati ya ukurasa. Anasema "miré por encima del hombro del piloto", niliangalia juu ya bega la rubani, alafu maneno mawili peke yake kwenye mstari, "tres verdes". Kijani tatu.

fundi_kisongo:

Mguu wa pua, wa kushoto, wa kulia, kila mmoja na taa yake. "Three greens". Andika "down and locked" mkuu, wametua.